Mwaka mzima nililipa bei mara mbili kwa mchicha "usio na dawa"

Nilihamia Dodoma na ofisi, kama wengi tuliofuata serikali kutoka Dar es Salaam. Mwanangu wa kwanza alikuwa ametimiza miezi sita, anaanza uji, na mimi nilikuwa na ile hofu ya mtu anayelea kwa mara ya kwanza. Kila nikishika simu nakuta ujumbe kwenye kundi la wasapu: nyanya ni sumu, kabichi ni sumu, kuku wa kisasa anadungwa homoni. (Hilo la homoni niliseme kwa kupita: kuku wa nyama anakua haraka kwa sababu ya mbegu yake na chakula anachopewa. Cha kumuuliza mfugaji ni kama amesubiri siku zinazotakiwa baada ya kumpa antibayotiki.)

Basi akatokea mama mmoja wa mboga, anapita mtaani kwetu asubuhi, beseni kichwani: "Mchicha wa samadi huo! Hauna dawa, hauna chumvichumvi!" Fungu la Soko la Majengo lilikuwa shilingi mia mbili, lake mia nne. Nikawa nalipa bila kubisha, na shukrani juu.

Ilipita karibu mwaka. Siku moja nikawahi Majengo kabla jua halijachomoza, nikamkuta yuleyule, kainama, anachagua mafungu kutoka kwenye gari lililoleta mboga za wauzaji wote wa pale. Tukaangaliana. Akacheka yeye kwanza. "Mama, maisha tu haya."

Nilikasirika wiki nzima, halafu hasira ikanigeukia mimi mwenyewe. Yule mama angejuaje mchicha ule umelimwaje? Hakuwa shambani. Na mimi sikuwahi kumuuliza swali hata moja zaidi ya bei. Nilichonunua ni wimbo wake.

Tangu hapo nimekuwa mdadisi wa haya mambo, na ndugu na marafiki wakiniuliza kama chakula cha kilimo hai ni bora kuliko hiki cha kawaida, jibu langu linawaudhi wa pande zote mbili.

Kwanza tutenganishe vitu tunavyovitia kwenye kapu moja. Mbolea ya chumvichumvi siyo dawa ya wadudu. Mzizi ukinyonya naitrojeni haujui kama imetoka kwa ng'ombe au kiwandani. Ubaya wa kutegemea chumvichumvi peke yake unaonekana kwenye udongo wetu huu wa Dodoma, ambao bila samadi au mboji unabaki mchanga usioshika maji. Hilo ni tatizo kubwa la mkulima, ila halina maana kwamba mchicha uliokuzwa na yuria una sumu. Viuatilifu, yaani hizo dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, ni habari nyingine, nitaifikia.

Pili, "kienyeji" siyo "kilimo hai". Kilimo hai ni utaratibu wenye masharti na ukaguzi. Afrika Mashariki tuna viwango vyetu vya pamoja tangu 2007, na bidhaa iliyokaguliwa huwekewa alama ya Kilimohai. Kwa hapa Tanzania shughuli hiyo inasimamiwa na TOAM, chama kinachounganisha wadau wa kilimo hai. Kama bidhaa haina alama hiyo wala mtu aliyeona shamba, neno "asili" kwenye lebo ni pambo tu.

Na hata hayo masharti hayasemi "hakuna dawa". Nilidhani hivyo mpaka siku nilipokwenda Hombolo kununua zabibu. Mkulima alikuwa anapuliza unga wa njano kwenye mizabibu. Salfa, akasema, ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye majani na matunda. Nikashtuka. Kumbe salfa inaruhusiwa kwenye kilimo hai, na mrututu (ile chumvi ya shaba) pia unaruhusiwa kwa kiwango maalumu, kwa kuwa asili yake ni madini. Mrututu ukizidi unaharibu udongo, na mtu akiunywa unamdhuru. Uasili wa kitu hauwi cheti cha usalama wake. Ugoro ni asili, na sumu ya nyoka pia.

Sasa je, virutubisho? Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipitia tafiti zaidi ya 200 na hawakuona ushahidi wa maana kwamba chakula cha kilimo hai kina lishe kubwa kuliko kingine. Walichokiona ni kwamba uwezekano wa kukuta mabaki ya viuatilifu ulikuwa mdogo zaidi kwenye kile cha kilimo hai. Mwaka 2014 kundi jingine, likiongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, likapitia tafiti 343 na kukuta mimea ya kilimo hai ina viondoa sumu vya mwilini vingi zaidi na kadimiamu, ambayo ni metali yenye sumu, kidogo zaidi. Wanasayansi wengine wakabisha namna hesabu zilivyofanywa. Mimi nimechukua hivi: ukilipa zaidi kwa ajili ya vitamini, umetupa hela. Mchicha ulionyauka siku mbili juani umepoteza vitamini nyingi, uwe na cheti au usiwe nacho. Ukilipa kwa ajili ya kupunguza viuatilifu, hapo umenunua kitu kweli, mradi muuzaji awe mkweli.

Na viuatilifu siyo hadithi. Nimeingia kwenye bustani ya nyanya pembeni ya korongo nikamkuta kijana ana bomba mgongoni, kandambili miguuni, fulana kaifunga puani. Anapuliza huku upepo wa Dodoma, ambao hauombi ruhusa, unamrudishia usoni. Nikamuuliza anapuliza mara ngapi. "Dada, kantangaze hana huruma. Nisipopuliza leo, keshokutwa sina shamba." Kantangaze ni yule nondo mdogo ambaye viwavi wake wanatoboa majani na matunda ya nyanya. Na mteja, yaani mimi na wewe, tukiona tundu moja kwenye nyanya tunaiweka chini. Kijana analipwa kwa nyanya isiyo na tundu.

Nikaomba kuona chupa. Kila kiuatilifu kinachouzwa kihalali kina utepe wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali sana, kisha njano, bluu, na kijani iliyo nafuu. Ile ilikuwa njano. Lebo inaeleza pia siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Kijana alizijua. Alichonijibu ni kwamba bei ikipanda Jumatatu, hakuna wa kusubiri mpaka Jumapili.

Kwa hiyo swali langu sokoni limebadilika. Siulizi tena "hii ina dawa?" kwa sababu jibu ni moja, "haina mama, chukua tu". Nauliza: "Imepulizwa lini mara ya mwisho?" Asiyejua anasema hajui, na anayelima mwenyewe anaanza kusimulia. Huyo wa kusimulia ndiye wa kumshika. Nyanya zenye madoa meupe yaliyokauka naziosha kwa maji yanayotiririka huku nikizisugua kwa mkono, maana kuzifuta na kitambaa kama wanavyofanya mezani sokoni kunazing'arisha tu. Sitii sabuni. Najua pia ziko dawa zinazoingia ndani ya mmea, hizo maji hayazitoi, ndiyo sababu siku za kusubiri zina uzito kuliko kuosha. Mboga ya samadi nayo nisiioshe kwa kujiamini kwamba ni "asili"? Hapo ndipo naosha zaidi. Samadi mbichi ina vijidudu vya tumbo, na kachumbari haipiti motoni.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa kwenye mchicha.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa Mvumi. Kila akija mjini anakuja na kiroba: karanga, mahindi, njugu mawe. Kaivuna mwenyewe, hajatia mbolea, hajapuliza chochote. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa asili ya kweli. Karanga nzuri tulikaanga tukala. Zile zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye weusiweusi, niliziona si za kutupa, nikazipeleka mashineni pamoja na mahindi, mtama na soya. Uji wa lishe wa mtoto.

Mama mkwe alipoukuta ule unga akaunusa, akauonja kwa ncha ya kidole. "Mwanangu, hizi karanga ulichambua?" Nikamwambia sikutupa hata moja. Akakaa kimya, halafu akaumwaga wote kwenye shimo la taka. Wala hakumpa kuku.

Mwaka 2016, kwenye mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, watu walianza kutapika, kuvimba tumbo na kugeuka macho ya njano. Watu 20 walifariki. Haikuwa dawa ya shambani. Ilikuwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga zilizokumbwa na ukame zikiwa shambani, au zilizokaushwa na kuhifadhiwa vibaya, na wengi waliougua walikula mahindi waliyolima wenyewe. Sumu hii haifi kwa kupika. Ikiingia kidogokidogo kwa miaka, inaleta saratani ya ini. Mimi nilikuwa nalipa mara mbili kukwepa dawa kwenye mchicha, jioni namkorogea mwanangu karanga zilizooza.

Ndiyo maana mtu wa Dodoma, Singida au Manyoni akiniuliza aanzie wapi, namwambia aache nyanya kwanza, aangalie gunia lake. Usinunue unga wa lishe uliosagwa tayari na mtu usiyemjua, kwa sababu punje mbovu ni za bei rahisi na zikishakuwa unga hazionekani. Nunua punje, mwaga kwenye ungo, chambua kwenye mwanga: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, iliyotobolewa na wadudu, yote nje. Inachosha. Mimi nafanya Jumamosi huku redio inaongea. Hizo mbovu usimpe kuku wala ng'ombe, maana sumu inaweza kukurudia kwenye yai na maziwa.

Kama mnapata mahindi kutoka shamba la nyumbani, nunueni turubai. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, siyo chini kwenye udongo. Kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, funika, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado yana unyevu. Yakishakauka sawasawa, mifuko ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa inamfanya dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi (Skania, kwa wazee), akose pumzi afe, na hakuna haja ya dawa ya unga. Ukinilazimisha nitaje kilimo hai kinachonifaa mimi, ni huo mfuko.

Hapa nitawaudhi wapenzi wa dona. Dona ni nzuri, ina nyuzinyuzi, na nyumbani tunaila. Ila sumukuvu ikiwepo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa huipunguza. Mahindi nisiyoyajua yalikotoka nayakoboa. Ya mama mkwe, yaliyochambuliwa, ndiyo dona.

Kuna pia vyakula ambavyo Dodoma havihitaji cheti cha mtu. Mlenda unaota wenyewe mvua zikianza Desemba, hakuna wa kuupuliza, na ukikaushwa vizuri unafika hadi kiangazi. Uwele na mtama huku hulimwa kwa kawaida bila chumvichumvi, siyo kwa falsafa bali kwa sababu mvua zenyewe ni za kubahatisha na hakuna wa kuzika hela yake ardhini. Ubuyu vilevile. Nashangaa tunavyovipita hivi kwenda kutafuta brokoli yenye lebo ya kijani dukani.

Nimejaribu kulima pia, msije mkasema naongea tu. Viroba sita uani. Mara ya kwanza nilitia samadi mbichi, miche ikaungua yote. Mara ya pili niliiacha ioze miezi mitatu, mchicha ukakubali, vidukari wakaja, nikawapulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Inabidi upulize jioni kwa sababu jua linaiharibu haraka, na urudie kila baada ya siku chache. Halafu likaja lile la maji ya mgao. Viroba sita vilikuwa vinakunywa ndoo moja kwa siku, na kuna wiki ndoo ilikuwa ya mtoto kuoga. Nimebaki na viroba viwili vya matembele, ambayo hayana makuu.

Yule mama wa mboga bado anapita. Ameacha kuimba habari za samadi akifika getini kwangu, na mimi nampa bei ya sokoni pamoja na ya miguu yake. Siku hizi anawauliza wakulima kabla ya kubeba, kwa sababu anajua nitamuuliza. Juzi nilinyoosha mkono kwenye chainizi akauzuia. "Hii imepulizwa juzi, mama. Nichukulie wiki ijayo." Nikachukua mlenda mkavu.