Panya Walipona kwa Asali, Je Mdogo Wangu Naye Apewe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike kafanyiwa oparesheni ya tumbo mara mbili, ya kwanza kidole tumbo kilipasuka, ya pili utumbo uliziba na tukaambiwa umeshikana na makovu ya ndani. Sasa shemeji kasoma kwenye simu kwamba watafiti waliwapasua panya wakawatumia asali na matumbo yao hayakushikana, kwa hiyo anataka mdogo wangu anywe kila siku na pia apakwe kwenye mshono ati itapenya. Kuna ukweli hapo? Na kama panya wamepona mbona hospitali hawaitumii?

JIBU: Marahaba, na mpe pole sana mgonjwa wetu. Shemeji yako hajadanganywa, asali kweli imejaribiwa kwa panya na matokeo yalikuwa mazuri, ila habari za namna hii zikifika kwenye simu zinakuwa zimeacha njiani kile kitu muhimu kuliko vyote, yaani yule panya alifanyiwa nini hasa.

Majaribio mengi ya aina hii yanafanywa hivi. Panya anapewa dawa ya usingizi, ananyolewa tumbo, anachanwa katikati sentimita chache, halafu unatolewa nje ule mfuko wa mwanzo wa utumbo mpana na kusuguliwa kwa gozi kavu, kile kitambaa cha kufungia vidonda, mpaka vitokee vidoti vidogo vya damu. Hapo ndo dawa inayojaribiwa inamiminwa au kupakwa palepale, utumbo unarudishwa, anashonwa. Baada ya wiki moja au mbili anauawa, tumbo linafunguliwa tena, na mtu ambaye hajui panya yupi alipewa nini anatoa alama: sifuri kama hakuna kilichoshikana, moja kama ni utando mwepesi unaoachia wenyewe, na kuendelea hadi ile mishikamano ambayo bila kukatwa haiachii.

Umeona? Asali iliwekwa ndani ya tumbo, juu ya jeraha lenyewe, muda uleule jeraha linatokea. Ya kunywa inapita ndani ya utumbo inasagwa inakuwa sukari inaingia kwenye damu, haigusi ule upande wa nje wa utumbo ambako ndiko mishikamano ilipo, na ya kupaka kwenye ngozi haivuki misuli ikafika huko. Tena usimpake kitu chochote kwenye mshono ambao haujafunga bila waliomshona kujua.

Halafu kuna suala la muda, na hili naomba umweleze shemeji taratibu kwa sababu naona anampenda mgonjwa. Utumbo na kuta za tumbo vimefunikwa na utando mwembamba mno unaoteleza. Ukisuguliwa, ukikauka au ukipata usaha, ndani ya masaa tu unatoa majimaji yenye protini inaitwa faibrini ambayo inanata kama gundi. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuiyeyusha, na ikiyeyuka katika siku za mwanzo utando mpya unaota ndani ya kama wiki moja na mambo yanaisha. Isipoyeyuka, seli za kutengeneza kovu zinaingia, zinaweka kolajeni, yaani protini ngumu inayojenga kovu, mishipa ya damu inaota humo, na hapo imeshakuwa nyama ya kudumu. Kwa hiyo mbio zote ni za siku chache za mwanzo. Mishikamano ya mdogo wako ni ya zamani, hata kile kilichofaa kwa panya kilikuwa cha kuzuia, sio cha kufungua.

Na panya wale walikuwa vijana, wazima, wa ukoo mmoja, jeraha lao safi na dogo. Mdogo wako alikuwa na kidole tumbo kilichopasuka, yaani tumbo lenye uchafu na usaha, hiyo ni hali nyingine kabisa. Ndo maana orodha ya vitu vilivyofaulu kwa panya ni ndefu sana, vitamini E imo, heparini ya kuzuia damu kuganda imo, dawa za kupunguza uvimbe zimo, ila vilivyofika kwa binadamu vikabaki ni vichache. Upo utando wa kutengenezwa, wa kuyeyuka wenyewe, unaowekwa kati ya utumbo na ukuta wa tumbo, huo ulianzia kwa wanyama na kwa watu unapunguza mishikamano kweli, lakini ukizungushwa juu ya mshono mpya wa utumbo uvujaji uliongezeka, na hilo lilionekana kwa wagonjwa.

Kitu kingine kilichosaidia watu kweli ni kuachana na unga wa glavu. Zamani glavu za upasuaji zilipakwa unga wa wanga ili zivalike, ikaonekana kwa wanyama na kwa wagonjwa kwamba ule unga ukibaki tumboni unaleta uvimbe na mishikamano, na Marekani marufuku ya glavu za unga ilianza kutumika Januari 2017. Kwangu mimi hii ina thamani kuliko dawa kumi za kumiminia panya.

Watu wengi sana waliopasuliwa tumbo wana mishikamano na hawajui maisha yao yote, kwa hiyo msiishi kwa hofu. Ila mdogo wako akianza kutapika, tumbo likavimba, maumivu yakawa ya kubana na kuachia, na hatoi choo wala upepo, msimpe kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mwalimu alisema mshono wa utumbo siku ya tatu ni dhaifu kuliko siku uliposhonwa. Inawezekanaje kitu kinapona huku kinadhoofika?

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, na hili tunalijua zaidi kutokana na wanyama maana huwezi kumfungua mgonjwa kila siku ukapime. Wanachukua kipande cha utumbo chenye mshono, wanafunga huku na huku, wanajaza hewa au maji taratibu wakisoma presha mpaka kipasuke. Ukifanya hivyo kwa wanyama wa siku tofauti unaona nguvu inashuka siku za mwanzo, kisha inapanda. Sababu ni kwamba kwenye kingo za jeraha vimeng'enya vinakula kolajeni ya zamani kabla mpya haijatosha, kwa hiyo siku hizo uzi ndo unabeba kila kitu. Na uzi unashika wapi? Daktari wa upasuaji wa Marekani, William Halsted, alionyesha mwaka 1887 kwa mbwa kwamba uimara uko kwenye tabaka lililo chini kidogo ya ngozi ya ndani ya utumbo, sindano ikilikosa mshono hauna pa kushika. Mpaka leo tunashona kwa kulitafuta tabaka hilo. Wewe ukiwa wodini, mgonjwa wa siku ya nne au ya tano ambaye mapigo ya moyo yamepanda bila sababu usimpite, huenda mshono unavuja.

SWALI: Daktari hamuoni huruma? Hao panya nao wanaumia.

JIBU: Wanaumia, na swali lako ni halali kabisa. Mwaka 1959 wanasayansi William Russell na Rex Burch waliweka misingi mitatu ambayo kamati za maadili zinaifuata hadi sasa: kama kuna njia isiyohitaji mnyama itumike hiyo, kama hakuna basi wanyama wawe wachache iwezekanavyo, na wale wachache wapunguziwe mateso. Mimi naungana nayo yote mitatu na nakasirika nikisoma ripoti ya panya aliyepasuliwa tumbo ambayo haitaji dawa ya maumivu popote. Ni ukatili, na pia inaharibu jibu lenyewe, kwa sababu panya mwenye maumivu anakula kidogo, na asiyekula kidonda chake kinachelewa, sasa utajuaje kilichochelewesha ni dawa unayoijaribu au ni njaa?