Wembe haukukuotesha ndevu

Swali: Daktari, nina miaka 26. Nilianza kunyoa malaika ya kidevuni kwa wembe, sasa zinaota nywele nyeusi, ngumu. Dada wa saluni ananiambia nihamie kwenye nta, kisha nipake krimu yake inayoua mizizi. Nimsikilize?

Jibu: Usimsikilize. Wembe unakata nywele usawa wa ngozi, wakati unene, rangi na kasi ya kuota vinaamuliwa ndani zaidi, kwenye kifuko cha nywele, ambako wembe haufiki. Nywele isiyowahi kukatwa ina ncha nyembamba. Ukiinyoa kinabaki kisiki butu, ndiyo maana kesho yake inachoma vidole. Mildred Trotter, mwanasayansi wa Marekani, alilipima jambo hili mwaka 1928: kunyoa hakukuongeza unene wala kasi. Karibu miaka mia imepita, na bado wembe unasingiziwa!

Kwa mwanamke wa umri wako, malaika kugeuka ndevu kwa kawaida ni kazi ya homoni. Kama hedhi inaruka miezi, chunusi zimejaa kwenye taya na nywele zinashuka kifuani au chini ya kitovu, kapime testosteroni (homoni ya kiume) na ultrasaundi ya ovari kabla ya kununua chochote.

Nta inang'oa nywele, kifuko kinabaki. Baada ya wiki 3 hadi 6 zimerudi, na nywele za kipilipili hujikunja zikachoma ngozi kwa ndani: vipele, kisha madoa meusi. Bora uendelee na wembe mpya, ulowanishe kidevu kwa maji ya vuguvugu, unyoe kufuata zinakolala, bila kuvuta ngozi.

Sasa hiyo krimu. Hakuna krimu ya kupaka inayoua mizizi. Zile halali zenye kemikali ya thioglikoleti huyeyusha nywele tu, na ukizidisha dakika zilizoandikwa kwenye boksi unaungua. Kikopo kisicho na lebo ni hatari zaidi. Mikorogo mingi ina dawa kali za ngozi aina ya steroidi, kama klobetasoli: wiki za mwanzo uso unang'aa, halafu ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka na, ndiyo, nywele zinaongezeka. Ukipaka nta juu ya ngozi ya hivyo, inatoka na ngozi yenyewe. Aliyekwisha kuutumia mkorogo kwa miezi asiuache ghafla, maana uso huwaka moto na kuvimba. Aende kliniki ya ngozi na kikopo chake mkononi, apangiwe namna ya kuuacha.