Kabla hujameza dozi ya nne ya "mkojo mchafu"

Mdogo wangu uliyeuliza kwa nini haja ndogo inakuunguza hata baada ya dozi tatu za antibaiotiki, nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Tanga, kwani nami nilizungushwa karibu mwaka mzima kwa jina hilo hilo la mkojo mchafu.

Ni kweli kwamba mara nyingi huwa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mrija wetu wanawake una urefu wa sentimita 4 hivi, kwa hiyo bakteria wa haja kubwa hawana safari ndefu kufika kwenye kibofu, na hapo ndipo unapobanwa kila mara ukaambulia matone. Maumivu yakiwa ya nje, mkojo unapogusa ngozi, pakawa na muwasho au uchafu, yafaa kufikiria fangasi, au magonjwa ya zinaa kama trikomonasi, kisonono na klamidia. Sabuni za manukato na kujiosha ndani kwa limau pia huchubua.

Langu lilikuwa kichocho. Nilikulia Muheza, ambako tulifua na kuoga kijitoni tangu utotoni, bila kujua kwamba konokono wa maji yale hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi, vikakua kuwa minyoo inayoishi mwilini kwa miaka. Mayai yake yana mwiba nchani na hukwama kwenye ukuta wa kibofu, hata kwenye shingo ya kizazi, ndiyo maana mwanamke hutokwa na damu baada ya tendo la ndoa akadhaniwa ana ugonjwa wa zinaa. Mimi nilidhaniwa hivyo, na kwa miezi kadhaa mume wangu hakula nami sahani moja. Sitaki yakukute.

Kule nilikotibiwa mwanzo walichovya kijiti kwenye mkojo wa asubuhi, wakaona damu, wakaandika vidonge. Mama mmoja wa maabara kwingine ndiye aliyeniuliza nilioga wapi nikiwa mtoto. Akaniambia nirudi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, nitembee kwanza kwa kasi, kisha nijaze kikopo kwa mkojo wa mwisho mwisho, kwa sababu ndio wenye mayai mengi. Aliyaona siku hiyo hiyo. Nilimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa kipimo cha uzito wangu, na baada ya wiki kadhaa damu ikakatika.

Kwa mtu mzima mayai huweza yasionekane kwenye mkojo hata kama ugonjwa upo. Basi omba pia uchunguzwe shingo ya kizazi, na mkojo uoteshwe ili ijulikane bakteria gani yupo na dawa ipi inamweza. Lakini ukiwa na homa, maumivu ya ubavuni au ujauzito, usisubiri majibu yetu humu. Nenda hospitali leo.