Kiingilio nalipa, lakini zimeni runinga

Ndugu Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: “Je, ni haki kutozwa kiingilio kwenda kumsikiliza mwanamuziki asiyevuma?” Nasema ni haki, na nasema hivyo mfuko ukiwa bado unauma. Jumamosi nililipa shilingi 500 mlangoni hapa Kisumu mjini, kwenda kusikiliza waimbaji ambao hakuna kampuni iliyowasajili. Nyimbo wanatunga wenyewe, studio wanajilipia, hata mabango wanabandika wenyewe.

Hoja ya wanaopinga naijua, maana shemeji yangu aliirudia njia nzima: huku kwetu msanii hulipwa akishakukuna. Hasemi uongo. Penye nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, au benga, muziki wetu wa gitaa, pana pakruok. Msikilizaji anasimamisha muziki, anatoa pesa, anajisifu, anawasifu wakwe na marafiki, kisha muziki unaendelea. Hakuna anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini pakruok ina nyimbo zake. Wimbo wenye nafasi ya kutaja majina ndio unaovuna. Binti aliyefungua jioni ile kwa gitaa kavu aliimba kuhusu mamake, anayechukua omena, yaani dagaa, kwa mkopo na kuziuza kwa mkopo. Tajiri gani angetaka jina lake litajwe humo? Labda mdai. Kwa wimbo kama ule sioni njia nyingine ila kiingilio, kwa kuwa mtunzi analipwa bila kulazimika kumsifu mtu.

Baadaye akapanda kijana wa nyatiti, nyuzi nane, njuga za gara mguuni na ile pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Fundi wa mitambo akaweka maikrofoni mdomoni na nyingine kwenye nyuzi, basi. Chuma kikawa kinagonga mbao na sisi wa nyuma hatusikii kitu. Mzee mmoja hakuvumilia: “Kijana, shusha hiyo maikrofoni. Mguu nao unaimba!” Fundi akajibu, “Sawa, baba,” akapiga magoti, akaielekeza chini. Hapo ndipo mdundo ulipotufikia, na shemeji yangu akaacha kuhesabu chenji.

Huko kutovuma nako hakudumu. Mwimbaji Suzanna Owiyo, mwenyeji wa Nyakach, wengi walimfahamu mwaka 2001 alipoimba kwenye sherehe za Kisumu kutimiza miaka 100. Leo hakuna anayeuliza ni nani.

Nisichokubali ni kulipishwa halafu muziki ufanywe pambo la meza. Mwaka jana, katika mkahawa mwingine, runinga iliachwa ikionyesha mpira wa Uingereza. Kila bao likifungwa mwimbaji ananyamaza, anangoja kelele ziishe, anaanza ubeti upya. Pale ningerudishiwa pesa ningezipokea bila haya. Anayetoza kiingilio azime runinga, na wapiga soga wapelekwe nje kwenye nyama choma, wako huru huko.

Jambo jingine ni saa. Bango lilisema saa kumi na mbili jioni. Gitaa la kwanza lililia saa mbili kasoro. Wakazi wa Milimani, mle mle mjini, hilo haliwasumbui. Sisi wa Ahero, nje ya mji, tunategemea matatu, na yule kijana wa nyatiti alipokuwa anakolea, wenzangu kadhaa walishaondoka kukimbilia gari. Nao walilipa 500.

Msomaji, Ahero