Bastola ya kwanza: kagua magazini na mfuko kabla ya kuisifia bastola yenyewe

Msomaji mmoja wa Moshi, mfanyabiashara, ameandika wiki hii: "Mkuu, kibali kimetoka na CZ 75 ninayo. Imekuja na magazini moja, ya pili nimeuziwa na jamaa, haina maandishi yoyote. Mfuko nimepata wa nailoni, unaingia bastola ya aina yoyote. Kuna kingine cha kununua?"

Kipo. Ila kabla ya hapo, viwili kati ya hivyo alivyovitaja ni vya kurudisha.

Watu wetu hubishana miezi mizima, Glock au CZ au Beretta, halafu magazini (kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini) na mfuko vinanunuliwa dakika tano za mwisho kwa chenji iliyobaki. Bastola mpya ya kiwanda kinachojulikana si rahisi ikukatalie yenyewe. Ikigoma, mtu wa kwanza kumshuku ni magazini. Na wakati wa hatari kuliko wote kwa mbebaji si ule wa kuchomoa, ni ule wa kurudisha bastola kiunoni, na hapo kinachokulinda ni mfuko pamoja na kidole chako.

Tuanze na magazini, maana ndiyo yenye maneno mengi.

Nunua iliyotengenezwa na kiwanda cha bastola yako, kwenye duka lenye leseni, ukiwa na karatasi zako. Ya mtu wa mtaani isiyo na maandishi achana nayo, hata kama inaingia vizuri. Kuna kiwanda kimoja cha nje ya hapo ninachokikubali bila kusita: Mec-Gar wa Italia, ambao huwatengenezea magazini baadhi ya watengenezaji wa bastola wenyewe. Nyingine zenye bei ya kuvutia ni za mazoezi tu, na hata mazoezini zitakupotezea risasi.

Sababu iko juu kabisa ya magazini. Itazame: kuna kingo mbili zilizopindwa kwa ndani, tunaziita midomo. Hiyo midomo ndiyo inayoishika risasi ya juu, ikaielekeza pua kwa pembe inayotakiwa, kisha ikaiachia slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachokwenda nyuma na mbele, inapokuja mbele. Ikipanuka kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni, risasi inaruka mapema, mbili zinagombania mlango mmoja na slaidi inasimama katikati. Ikibana, risasi inachelewa kutoka. Kiwanda cha ovyo hupinda chuma chembamba ambacho hakikuimarishwa vizuri kwa moto. Siku ya kwanza kinafanya kazi. Ukiidondosha magazini kwenye sakafu ya zege mara mbili tatu ikiwa imejaa, midomo inafunguka.

Nunua tatu. Mbili za kubeba, moja ya mazoezi ambayo ndiyo itadondoka na kukanyagwa. Ziwekee alama 1, 2, 3 kwenye kitako kwa rangi ya kucha ya shemeji. Usicheke. Bastola ikikwama bila namba hizo utailaumu bastola, kumbe kila mara ni ile namba 2.

Angalia pia maandishi ya risasi, kwa sababu neno "9 mm" lina watu watatu ndani yake. Kuna 9x19, ambayo wengi huiita Parabellum au Luger, ndiyo ya CZ 75, Glock 17 na 19 na Beretta 92. Kuna 9x18 ya Makarov. Kuna 9x17, ile fupi inayoandikwa pia .380. Hazibadilishani. Mbaya zaidi, ile fupi inaweza kukaa ndani ya magazini ya 9x19 kana kwamba kila kitu ni sawa. Soma kitako cha ganda la risasi na soma mtutu. Vikitofautiana, hakuna mjadala.

Ukishafika nazo nyumbani, kuna vipimo usivyohitaji kufyatua hata risasi moja. Toa magazini, koki (vuta slaidi nyuma na uiachie) mara kadhaa, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kwa macho kisha kwa kidole. Risasi zote ziende chumba kingine, mlango ufungwe. Sasa ingiza magazini tupu, vuta slaidi nyuma kwa nguvu. Inatakiwa ibaki nyuma, kwa sababu kile kibao cha ndani kinachosukuma risasi kimeinua komeo la slaidi. Rudia mara kumi kwa kila magazini. Ikirudi mbele hata mara moja, springi imechoka au kibao kimelika.

Kisha bonyeza kitufe cha kuachia magazini. Kwenye Glock za sasa inatakiwa idondoke yenyewe. Ila msomaji wangu mwenye CZ asipate presha: CZ 75 nyingi zina springi bapa ndani ya mpini inayoizuia magazini isidondoke, lazima uivute kwa mkono. Ndivyo ilivyoundwa. Mafundi wa vijiweni huita ubovu wakakuomba hela ya "kurekebisha".

Kipimo cha tatu wengi hawakijui, nacho kifanye kule chumba chenye risasi, bila bastola. Jaza magazini hadi mwisho, kisha bonyeza risasi ya juu kwa dole gumba. Lazima ishuke kidogo. Ikiwa ngumu kama jiwe, magazini hiyo haitajifunga sawasawa slaidi ikiwa mbele: utaisikia imeingia, kumbe imening'inia milimita chache chini. Ukifyatua, slaidi inapita juu ya risasi bila kuikamata na chemba inabaki tupu. Punguza risasi moja. Yenye uwezo wa 16 ikae na 15, na kila ukiingiza, gonga kitako kwa kiganja halafu ivute chini uhakikishe imeshika.

Uwanjani, fyatua kwa kila magazini, aina ileile ya risasi utakayobeba. Risasi hamsini kwa kila moja bila kukwama ni kiwango ninachokiheshimu. Najua risasi zetu ni za kibali na bei si ya karanga, kwa hiyo kama huna hamsini, angalau ujazo kamili mara mbili kwa kila magazini. Hiyo isiyofika hapo haiendi kiunoni.

Ikikwama, soma imekwamaje kabla ya kuivurugavuruga. Pua ya risasi ikiwa imeinama na kugonga chini ya mlango wa chemba, springi ya magazini ni dhaifu, risasi haipandi kwa kasi ya slaidi. Risasi mbili zikiingia kwa pamoja, tazama midomo. Ganda tupu likisimama wima kwenye tundu la kutolea maganda kama bomba la moshi, mwache magazini kwanza, tazama mkono wako: kiganja kilicholegea, au risasi yenyewe haina nguvu. Slaidi isipobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, hakikisha dole gumba lako halikuwa limekandamiza komeo, kisha ndipo ushuku springi.

Kuhusu springi, kuna imani kwamba magazini ikikaa imejaa miezi springi inakufa. Springi nzuri inachoshwa zaidi na kubonyezwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebonyea. Ndiyo maana ile ya mazoezi huchoka kwanza. Ukinunua mpya, pima urefu wa springi yake kwa rula na uandike; ya zamani ikiwa imefupika sana ukilinganisha, badilisha.

Vumbi ndilo adui mkubwa wa kanda yetu. Anayekwenda migodini Mirerani analijua lile jeusi la grafaiti linalong'aa kwenye vidole. Huku Arusha kiangazi ni lile jepesi la udongo wa majivu ya volkano, linaingia hata kwenye saa. Dawa si mafuta. Ukipaka mafuta ndani ya magazini unatengeneza uji wa vumbi, na mafuta yakifika kwenye fataki ya risasi (kile kiwashio cha kwenye kitako chake) yanaweza kuiharibu. Fungua kitako (elekeza mbali na uso, springi inaruka), kumbuka ncha ya juu ya springi ilitazama wapi, piga brashi kavu, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha. Nje, kama ni ya chuma, kitambaa chenye mafuta kidogo sana dhidi ya kutu kinatosha. Kwa anayepita vumbini kila siku, mara moja kwa wiki.

Na usiipakie risasi ileile chemba kila asubuhi baada ya kuitoa kila usiku. Kila slaidi inapoigonga, kichwa cha risasi kinazama kidogo ndani ya ganda, na shinikizo hupanda siku utakapoifyatua. Isimamishe mezani pamoja na mpya ya boksi lilelile: ikiwa fupi, itenge.

Haya, mfuko. Wengine wanauita holista.

Ule wa nailoni wa bastola zote hauifai hata moja. Ni laini, mdomo wake unajikunja ukitoa bastola, kwa hiyo kurudisha unahitaji mkono wa pili kuufungua, na mkono huo unapita mbele ya mtutu. Kibaya zaidi, kifyatulio kinafunikwa na kitambaa ambacho kidole au ufunguo unaweza kukibonyeza kwa nje.

Mfuko unaofaa umetengenezwa kwa bastola ya aina moja, na unafunika pete yote inayozunguka kifyatulio kwa kitu kigumu. Ukibonyeza hapo kwa dole gumba kutoka nje, kifyatulio kisihisi chochote. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikiwa nje. Na uishike: bastola tupu ndani ya mfuko, igeuze juu chini juu ya godoro, tikisa. Ikidondoka, kaza skrubu za mfuko kama zipo, au urudishe dukani. Ikikwama hadi suruali inapanda nayo ukichomoa, legeza robo mzunguko.

Kuna mifuko yenye kitufe cha kufungulia kinachobonyezwa kwa kidole cha shahada. Siipendi. Mtu mwenye haraka hubonyeza kwa nguvu, bastola ikitoka kidole kile kile kinaendelea kubonyeza, na kilichobaki mbele yake ni kifyatulio. Kama unataka kifungo, chagua kinachofunguliwa kwa dole gumba.

Plastiki ngumu aina ya Kydex haina mambo mengi: hainyonyi jasho, haijikunji, unaiosha kwa maji. Usiiache juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, inaweza kupinda. Ngozi ni nzuri zaidi mwilini, na mafundi wa ngozi hatujawahi kukosa Arusha wala Moshi, lakini mwulize fundi maswali. Ngozi iwe ya kutengenezwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hadi 3.5, iliyolowekwa na kufinyangwa juu ya umbo la bastola hadi ikauke na kukakamaa. Ukingo uliokatwa ukionyesha rangi ya kijivu cha bluu ndani, hiyo ni ngozi ya kromu, laini ya mikoba na viatu, na chumvi zake hula chuma. Usimwachie fundi bastola yako alale nayo apate kipimo. Atumie umbo la plastiki la aina yako, au afanye kazi wewe ukiwa umekaa hapo na bastola tupu.

Ngozi ikizeeka, ukaguzi ni mmoja: mdomo. Ikianza kulegea, ukingo unajikunja kwa ndani, unaingia kwenye pete, na bastola ikisukumwa chini ngozi inafanya kazi ya kidole. Hapo mfuko umekwisha, hata kama bado unapendeza. Ukilowa masika, ukauke kivulini, si kando ya jiko. Na usihifadhi bastola ndani ya ngozi usiku kucha kwa wiki nzima. Joto la Moshi na jasho vitakuonyesha kutu upande ule uliogusa mwili. Nyumbani mahali pake ni kabati la chuma lenye kufuli.

Mkanda nao ni sehemu ya mfuko. Upana wa milimita 38, ngozi ya tabaka mbili, usiojipinda ukiushika kwa ncha. Mkanda wa suti utaining'iniza bastola kama embe.

Mahali pa kuvaa, upande wa mkono wa kulia kwa mwenye mkono wa kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, kunawafaa wengi. Katikati ya mgongo hapana: ukianguka na bodaboda unaangukia chuma kwa uti wa mgongo. Ndani ya gari isiwe chini ya kiti. Ukishika breki kwa ghafla inaweza kuteleza hadi kwenye pedali.

Kurudisha kunafanywa polepole, hakuna anayekukimbiza. Simama, kidole kinyooke kwenye fremu (mwili wa bastola), juu ya kifyatulio, sogeza shati kwa mkono mwingine, tazama mdomo wa mfuko kwa macho, kisha shusha. Kwa bastola yenye nyundo inayoonekana nyuma kama CZ, dole gumba likae juu ya nyundo. Ikianza kusogea, kuna kitu kimegusa kifyatulio, acha hapo hapo. Njia tulivu zaidi ya asubuhi ni kuingiza bastola kwenye mfuko ukiwa mezani, mtutu ukielekea mahali salama, halafu kuvaa vyote kwa pamoja.

Na sasa Juni na Julai Arusha kila mtu yuko ndani ya jaketi. Kwenye pindo la chini la majaketi mengi kuna kamba ya kukazia yenye kifundo cha plastiki, kidogo kama punje ya kahawa. Kinaning'inia usawa uleule wa mdomo wa mfuko, na kinatosha kabisa ndani ya pete ya kifyatulio. Vua hilo jaketi, chukua mkasi, kata kamba zote mbili.