Mahitaji Katika Hifadhi na Mahitaji Katika Modeli: Kwa Wanaoanza Uhandisi wa Mifumo

Kazi ambayo mara nyingi hukabidhiwa mgeni katika timu ya uhandisi wa mifumo ni kuhakikisha kwamba mahitaji, yaani sentensi zinazoeleza mfumo unapaswa kufanya au kuhimili nini, yaliyohifadhiwa katika programu ya kuyasimamia, kama vile DOORS au Polarion, yanalingana na yale yaliyomo katika modeli ya SysML, lugha ya michoro ya kueleza muundo wa mfumo. Wengi huidhani kazi ya ukarani, ya kuhamisha maandishi kutoka huku kwenda kule. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi nzito mtakazopewa, kwa kuwa kabla ya kufungua programu yoyote lazima mjue kila sifa ya kila hitaji ni mali ya nani.

Chukueni mfano wa kituo cha kupokea data za setilaiti katika ufuo wa Malindi. Nimeubuni kwa ajili ya kufundishia, ingawa kwa mliokulia jirani na Ngomeni si mgeni, kwani huko ndiko setilaiti Uhuru ilirushwa baharini kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970. Hitaji mojawapo linasema kwamba antena itaanza kuifuata setilaiti inapofika nyuzi 5 juu ya upeo wa macho. Jingine linataka sehemu zote za chuma zilizo nje zihimili hewa ya chumvi kwa miaka 15. Maandishi ya mahitaji haya na hali yake ya kuidhinishwa ni mali ya hifadhi ya mahitaji, kwa sababu huko ndiko mteja anakoyasoma na kuyakubali. Uhusiano wa kila hitaji na sehemu ya muundo inayolitimiza, na jaribio linalolihakiki, ni mali ya modeli. Kwa mpango huo maandishi husafiri kutoka hifadhini kwenda kwenye modeli, na viungo vya uhusiano huo husafiri kinyume chake. Sifa moja ikiruhusiwa kuhaririwa pande zote mbili, itafika siku watu wawili waibadilishe kabla ya kusawazisha, na kazi ya mmoja wao ifutwe na ya mwenzake.

Jambo la pili ni kitambulisho. Namba ya hitaji inayosomeka kwenye mchoro inaweza kubadilika mtu anapopanga upya orodha, kwa hiyo msiitegemee katika kuoanisha. Tumieni kitambulisho cha ndani ambacho hakiguswi na mhariri. Faili ya ReqIF, muundo wa kubadilishana mahitaji uliopitishwa na OMG, shirika la viwango vya programu, mwaka 2011, humpa kila hitaji kitambulisho chake pamoja na wakati lilipobadilishwa mwisho. Mtu akifuta hitaji na kuliandika upya neno kwa neno, kwa macho yetu ni lile lile, lakini kwa programu ni jipya kabisa, na viungo vyote vya awali havina pa kushika.

Kuna njia mbili kuu za kuunganisha. Ya kwanza ni kunakili, kwa faili ya ReqIF au kwa kiunganishi maalumu, na inafaa hasa pale mshirika wenu yuko nje ya mtandao wa kampuni. Ya pili ni kuacha kila kitu mahali pake na kuelekeza viungo tu, kama inavyofanywa na OSLC, kiwango cha kuunganisha data za programu mbalimbali kwa viungo vya wavuti. Binafsi naipendelea ya pili panapowezekana, kwa kuwa nakala isiyokuwapo haiwezi kuchakaa. Hata hivyo, ulizeni kila mara kiungo kinaelekea toleo lipi la hitaji, kwa maana kiungo kinachofuata maandishi yanayoendelea kuhaririwa hakiwezi kutumika kuthibitisha muundo ulioidhinishwa mwezi uliopita.

Sasa nirudi kwenye zile nyuzi 5, kwa sababu hapa ndipo ninapowaomba muwe waangalifu kuliko popote. Tuseme mteja amezibadilisha kuwa nyuzi 10 kwa sababu ya majengo yaliyo jirani. Usawazishaji utafikisha sentensi mpya kwenye modeli bila kasoro, na ripoti itaonyesha kwamba pande zote mbili zinalingana. Lakini hesabu ya muda wa mawasiliano ndani ya modeli haisomi sentensi. Inasoma thamani iliyowekwa kwenye kijenzi cha antena, na thamani hiyo bado ni 5. Muda halisi wa kupokea data katika kila mzunguko umepungua, ilhali modeli inaendelea kuahidi ule wa zamani. Kwa sababu hiyo kila badiliko la maandishi lapaswa kukifanya kiungo kiwe na alama ya shaka, na alama hiyo iondolewe na mhandisi aliyekwisha kukagua hesabu, kamwe si na programu yenyewe wala na mtu anayetaka kusafisha orodha kabla ya mkutano.

Maandishi yenye majedwali na picha nayo yana taabu yake: ReqIF huyabeba yakiwa na mapambo, lakini sehemu ya maandishi ya hitaji katika SysML ni maandishi matupu, na jedwali laweza kufika likiwa limevunjika. Ligawanyeni liwe mahitaji yanayojitegemea.

Kuhusu kufuta, msiruhusu usawazishaji uondoe hitaji katika modeli moja kwa moja, kwa kuwa litaondoka pamoja na viungo vyake vyote. Lipeni hali ya kubatilishwa, liacheni lionekane, kisha mwenye muundo aamue nini kifanyike na sehemu iliyokuwa ikilitimiza. Na kabla ya kuunganisha mradi halisi, tengenezeni mradi wa majaribio wenye mahitaji machache, mfunge toleo lake ili libaki kumbukumbu isiyobadilika, kisha mbadilishe moja, mhamishe jingine, mbatilishe la tatu, na mkague kwa macho yenu matokeo ya kila upande.