Maswali ya Wasomaji: "Mkuu wangu ananidhalilisha, ofisi inaniambia nikamwombe radhi"

Barua tatu tunazozijibu safari hii zimeandikwa na watu wasiofahamiana: aliyenyanyaswa, aliyeajiri na aliyelalamikiwa. Tumeziweka pamoja kwa sababu zote zinagusa jambo ambalo ofisi nyingi hulikwepa, nalo ni kwamba unyanyasaji kazini si ugomvi wa watu wawili unaosubiri kusuluhishwa, bali ni suala la usalama wa kazi, na mwenye dhamana ya usalama huo ni mwajiri. Majina ya walioandika yamehifadhiwa na barua zimefupishwa.

Swali: Mimi ni mhasibu, na nina miaka sita katika shirika ninalolifanyia kazi. Tangu tulipoletewa mkuu mpya wa idara, haupiti mkutano bila yeye kunitolea maneno ya kunidhalilisha mbele ya wenzangu. Mara ya mwisho aliniuliza kama shahada yangu niliiokota. Hunipa kazi jioni na kuidai asubuhi, vikao nilivyokuwa nikihudhuria siku hizi navisikia kwa watu, na ujumbe wake wa simu hunifikia usiku wa manane. Hajawahi kunigusa wala kunitaka kimapenzi. Nilipomweleza afisa rasilimali watu, alisema kuwa tofauti za watu wazima humalizwa kwa mazungumzo, akanishauri nikamwombe mkuu wangu radhi ili yaishe. Silali vizuri, na Jumapili jioni moyo huanza kunienda mbio. Je, huu ni unyanyasaji au mimi ndiye dhaifu? Niandike barua ya kuacha kazi?

Jibu: Ndugu msomaji, ulichokieleza ni unyanyasaji, na swali la udhaifu wako halina nafasi hapa. Mkataba Namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2019 na kuanza kutumika Juni 2021, unautaja ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi kuwa ni mienendo na vitendo visivyokubalika, au vitisho vya kuvitenda, viwe vimetokea mara moja au vinajirudia, ambavyo vimekusudiwa kuleta, vimeleta au vinaelekea kuleta madhara ya kimwili, kisaikolojia, kingono au kiuchumi. Utaona kwamba madhara ya kisaikolojia yamewekwa sawa na ya mwili, kwa hiyo kutoguswa kwako hakumsafishi mtu. Utaona pia kwamba nia ya mtendaji si sharti: mkuu wako akisema alikuwa anatania, au ndivyo alivyolelewa kikazi, bado swali litabaki ni madhara gani yametokea au yangeweza kutokea. Hata ule ujumbe wa usiku umo, kwa kuwa mkataba huo unagusa mawasiliano yote ya kikazi, yakiwemo ya simu na mtandao, sambamba na safari za kikazi, mafunzo na hafla za ofisi.

Wala usidhani uko peke yako. Utafiti uliofanywa mwaka 2021 katika nchi 121 na Shirika la Kazi Duniani, kwa kushirikiana na taasisi za Lloyd's Register Foundation na Gallup, ulionyesha kuwa zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano amewahi kukutana na ukatili au unyanyasaji kazini, na aina iliyotajwa zaidi ilikuwa ya kisaikolojia. Takriban nusu tu ya waliotendewa ndio waliowahi kumwambia mtu. Ukilinganisha na majibu uliyopewa na afisa wako, si vigumu kuelewa kwa nini nusu nyingine ilinyamaza.

Ushauri wa afisa huyo una kasoro ambayo ningependa aisome mwenyewe. Mazungumzo huwafaa watu wenye uwezo unaokaribiana. Hayamfai mtu ambaye tathmini yake, likizo yake na kupandishwa kwake cheo vimo mikononi mwa yule anayetakiwa kuzungumza naye. Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine isiyo na kinga, hakuna afisa atakayemwambia akapatane na mashine. Kiwanda kitaisimamisha mashine kwanza, ndipo kichunguze. Lalamiko lako lilistahili hatua zilezile: kupokelewa kwa maandishi, kukutenga na hatari kwa muda bila kukuadhibu, kuchunguzwa na mtu asiyekuwa chini ya mkuu wako, kisha kupewa jibu.

Sasa tuingie katika ya kufanya. Anza kuweka kumbukumbu leo, na uziandike kila tukio linapotokea badala ya kungoja mwisho wa mwezi: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyosemwa (si muhtasari wake), nani alikuwepo, na wewe ulifanya nini baadaye. Sentensi isemayo "alinitukana" ina uzito mdogo mbele ya mchunguzi. Sentensi isemayo "aliniuliza mbele ya watu wanne kama shahada yangu niliiokota" haimwachii mtu pa kukimbilia. Ujumbe wa simu uhifadhi mahali ambapo ofisi haiwezi kuufuta, lakini usichukue nyaraka za siri za shirika kwa kisingizio cha ushahidi, kwa maana utampa mwajiri kosa la kukufukuzia. Nenda kwa daktari ukamweleze kuhusu usingizi na mapigo ya moyo, na umwambie wazi kwamba yalianza kazini. Utapata matibabu, na maelezo hayo yatabaki katika faili lako.

Baada ya hapo andika lalamiko rasmi kwa mkuu wa shirika, nakala kwa afisa rasilimali watu, na ikiwa una chama cha wafanyakazi, mwombe mwakilishi wake asome kabla hujalipeleka. Lisizidi kurasa mbili. Eleza matukio, taja kwamba uliwahi kulalamika na ulijibiwa nini, kisha useme unachoomba: uchunguzi, msimamizi mwingine wakati uchunguzi ukiendelea, na jibu la maandishi ifikapo tarehe utakayoitaja. Barua hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kuanzia siku itakapogongwa muhuri wa kupokelewa, mwajiri hawezi tena kusema hakujua, na katika sheria za nchi nyingi wajibu wake hupimwa kwa kile alichokijua, au alichopaswa kukijua, na hatua alizochukua baada ya kujua.

Kuhusu kuacha kazi, nakusihi usiandike barua hiyo kwa hasira. Nchi nyingi zinakubali kwamba mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa, lakini mzigo wa kuthibitisha hilo humwangukia yeye, na mara nyingi huulizwa kama alimpa mwajiri nafasi ya kurekebisha. Aliyeondoka kimya huwa na jibu gumu la kutoa. Vilevile, mashauri ya kazi yana muda maalumu wa kufunguliwa, na wakati mwingine muda huo ni mfupi mno, kwa hiyo muulize mwanasheria au ofisi ya kazi mapema, hata kabla hujaamua lolote. Hata hivyo, daktari akikwambia afya yako iko hatarini, omba likizo ya ugonjwa na uondoke hapo kwanza. Hakuna kesi inayostahili kugharimiwa kwa uhai.

Swali: Nina biashara ndogo yenye wafanyakazi tisa. Mteja wetu mmoja, ambaye kwa kweli ndiye anayetubeba, ana tabia ya kumshikashika binti wa mapokezi na kumtolea maneno machafu akiyaita utani. Binti mwenyewe ameniomba nimhamishie stoo. Sina afisa rasilimali watu wala idara ya sheria. Je, ninawajibika kwa kosa la mtu ambaye si mwajiriwa wangu? Nimefikiria kumlipia mshauri nasaha, je, inatosha?

Jibu: Unawajibika, na nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuitwa na ofisi ya kazi. Mkataba niliokwisha kuutaja unawahesabu pia watu wa nje, na Pendekezo Namba 206 linaloandamana nao linamtaka mwajiri, anapopima hatari za mahali pa kazi, aangalie zile zinazotoka kwa wateja na watoa huduma. Nchini Uingereza, tangu tarehe 26 Oktoba 2024, sheria inamlazimu mwajiri achukue hatua za maana kuzuia unyanyasaji wa kingono usitokee, yaani hasubiri lalamiko, na mwongozo wa tume ya usawa ya nchi hiyo unaeleza kuwa wajibu huo unagusa hata wateja. Tena usitegemee kwamba nchi yako labda haijaridhia mkataba huo. Mwezi Juni 2022 nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani zilikubaliana kuyaweka mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila mwanachama anawajibika kuziheshimu kwa sababu tu ni mwanachama.

Ombi la binti la kuhamia stoo lipokee kwa tahadhari. Huenda hilo ndilo alilolitaka, lakini inawezekana zaidi kuwa ndio mlango pekee aliouona. Mhakikishie kwanza kwamba mapokezi ni pake na kwamba wewe ndiwe utakayemkabili mteja, kisha muulize upya. Ukimhamisha kwa kazi ya chini au malipo madogo, utakuwa umemwadhibu aliyetendewa, na kila mfanyakazi uliye naye atakuwa amejifunza kunyamaza. Mteja zungumza naye wewe mwenyewe, wala usimtume binti wala mwenzake. Mweleze kitendo kwa jina lake, mwambie hakitavumiliwa, na umfuatishie maandishi mafupi. Kuanzia hapo ahudumiwe na wewe au na mtu mzima mwingine aliyeridhia. Akirudia, mwache aende. Najua ni rahisi kwangu kuandika hivyo kuliko kwako kufanya, lakini biashara inayobebwa na mteja mmoja iko hatarini hata kama mteja huyo ana adabu.

Mshauri nasaha ni jambo jema ikiwa binti anamtaka, lakini hatoshi. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, yalipotoa waraka wao wa pamoja kuhusu afya ya akili kazini mwezi Septemba 2022, yalikadiria kuwa siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kutokana na sonona na wasiwasi, na kipaumbele walichokitaja ni kuondoa hatari zilizomo katika kazi yenyewe. Kumtuliza mtu saa moja kwa wiki na kumrejesha mbele ya mkono uleule si matunzo. Kwa ofisi ya watu tisa, sera ya ukurasa mmoja inatosha: kipi hakiruhusiwi, nani anapokea malalamiko, ndani ya siku ngapi atajibu, na kwamba atakayelalamika hatapunguziwa zamu wala kutengwa. Ijadilini pamoja kabla hujaisaini. Wapokeaji wawe wawili, mwanamke na mwanamume, na mmoja wao asiwe ndugu yako wala mwenzi wako, maana katika biashara nyingi ndogo anayepokea malalamiko ni mke au mume wa mwenye mali, kisha watu hushangaa kwamba hayaji.

Swali: Mimi ni msimamizi wa kitengo. Nimelalamikiwa kwa unyanyasaji kwa sababu nilimpa mfanyakazi tathmini mbaya anayostahili. Lakini kuna jambo linaloninyima raha zaidi: uongozi wa juu umetuambia, kwa mdomo, kwamba watu kadhaa wa kitengo changu "wabanwe mpaka wachoke wenyewe waondoke", ili shirika lisilipe mafao ya kupunguza wafanyakazi. Je, ukali ni unyanyasaji?

Jibu: Tathmini mbaya yenye vielelezo, iliyotolewa faraghani, yenye nafasi ya kujibu na muda wa kujirekebisha, ni usimamizi. Shirikiana na uchunguzi, toa kumbukumbu zako, na usimfuate mlalamikaji kumuuliza kwa nini amekushtaki.

Hilo la pili ni zito kuliko unavyolidhania. Nchini Ufaransa, kampuni ya simu ya France Télécom ilipanga kupunguza watu 22,000 kati ya mwaka 2006 na 2008, wengi wao wakiwa na ajira ambayo haikuwa rahisi kuivunja, na ikawabana kwa uhamisho na shinikizo mpaka baadhi yao wakajiua. Desemba 2019 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni hiyo pamoja na mkuu wake wa zamani, Didier Lombard, kwa unyanyasaji uliofanywa na taasisi kama sera, na Januari 2025 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilishikilia msimamo huo. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha kwamba viongozi wale walimfahamu kila aliyeumia. Mpango wenyewe ulitosha. Katika kesi hiyohiyo walikuwemo wasaidizi waliotiwa hatiani kwa kushiriki, jambo ambalo mtu wa ngazi yako anapaswa kulifikiria kwa utulivu.

Kwa hiyo usiitekeleze amri hiyo, wala usiikatae kwa kelele kwenye kikao. Mwandikie aliyeitoa barua pepe fupi, ukisema kuwa katika kikao cha tarehe fulani ulielewa umeagizwa hivi na hivi, kwamba unaona agizo hilo linapingana na wajibu wa shirika kwa usalama wa wafanyakazi, na kwamba unaomba maelekezo kwa maandishi au utaratibu halali wa kupunguza watu. Yawezekana kabisa usijibiwe. Katika hali hiyo, endelea kuwatathmini watu wako kwa kazi wanayoifanya, tunza nakala ya barua pepe hiyo, na mchunguzi wa lalamiko lililoko dhidi yako akifika, mwonyeshe.